Kutumia Namba za Strong Bila Kujua Kiebrania wala Kigiriki: Mwongozo Kamili kwa Msomaji wa Biblia

Katika madarasa ya Biblia na vikundi vya maombi vya Lubumbashi, kuanzia komini ya Kenya hadi ya Ruashi, kosa linalorudi ni lile lile. Mtu anafungua programu ya Biblia kwenye simu na kugusa neno. Namba inatokea, na chini yake maana nane au kumi. Anachagua ile inayompendeza, kisha Jumapili anasimama na kusema: "Katika Kigiriki neno hili maana yake ni..." Wasikilizaji hawana njia ya kumpima, kwa hiyo wanaitikia Amina.

Chombo chenyewe hakina kosa. Namba ya Strong, yaani namba iliyopewa kila neno la asili la Kiebrania au Kigiriki la Biblia ili ulipate katika kamusi, inakufikisha kwenye neno, lakini maana ya neno hilo inatoka kwenye sentensi lilimokaa. Anayeanza na orodha ya maana ameanzia mwisho wa kazi. Hapa kazi imepangwa upya: sentensi kwanza, kamusi karibu na mwisho. Tutafuata mstari mmoja, Hosea 6:6, hatua kwa hatua, ili uone kila hatua inatoa nini.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya kuanza

Biblia mbili. Ya kwanza ni ya Kiswahili. Mifano yote hapa inafuata Union Version. Ya pili ni Segond ya 1910 kwa Kifaransa. Tunaihitaji Segond kwa sababu ndiyo iliyobandikwa namba za Strong katika programu nyingi, na kwa sababu msomaji wa Lubumbashi aliyesoma shule anaifuata vizuri. Utasoma kwa Kiswahili, utapata namba kupitia Segond, kisha utarudi kwenye Kiswahili.

Simu au kompyuta. Kwenye Android, AndBible na MySword zote hupatikana bure. Kwenye kompyuta ya Windows kuna e-Sword. STEP Bible, iliyotengenezwa na Tyndale House ya Cambridge, hutumika bure kwenye intaneti, nayo ina toleo la kusakinisha kwenye kompyuta. Chagua moja tu. Anayeweka programu nne hutumia jioni nzima kuruka kutoka moja hadi nyingine.

Kaye (daftari) moja na biki mbili za rangi tofauti. Usiandikie kwenye simu. Utahitaji kuona mistari kumi kwa mara moja mbele ya macho, na kioo cha simu hakikupi nafasi hiyo.

Karatasi moja ya alfabeti. Chapisha herufi za Kiebrania upande mmoja na za Kigiriki upande wa pili, dukani kwa fotokopi yoyote. Iweke ndani ya Biblia.

Muda. Neno la kwanza litakuchukua saa moja na nusu au mbili. Ukimaliza kwa dakika kumi, umeruka hatua.

### Kupakua vizuri, mara moja

Hapa ndipo wengi wanakwama kabla hata ya kusoma mstari mmoja. Wanapakua Biblia yenye namba, wanagusa namba, hakuna kinachofunguka. Sababu ni kwamba namba na kamusi ni mafaili tofauti. Pakua vitu vinne:

- Biblia yenye namba (tafuta neno "Strong" au herufi LSGS kwenye jina lake, kwa sababu kuna Segond nyingine isiyo na namba);
- kamusi ya Strong ya Kiebrania;
- kamusi ya Strong ya Kigiriki;
- maandishi asilia ya Kiebrania na ya Kigiriki, yale yenye maelezo ya maumbo ya maneno.

Mafaili haya ni madogo ukilinganisha na video, kwa hiyo hayatamaliza mega zako. Yapakue siku ambayo mtandao umetulia, kabla delestaji (kukatwa kwa umeme) haijakukuta na simu isiyo na chaji. Baada ya kupakua, ingia kwenye mipangilio ya maandishi na uwashe uonyeshaji wa namba, maana programu nyingi huja zikiwa zimezizima.

Kama hukupata Segond yenye namba katika programu uliyochagua, chukua King James yenye namba. Huhitaji kujua Kiingereza vizuri. Iweke kando ya Kiswahili, hesabu nafasi ya neno katika mstari, gusa, chukua namba.

*Utajua umefaulu hivi:* zima mtandao kabisa, fungua Hosea 6:6, gusa neno linalolingana na "fadhili". Ikitokea H2617 na maelezo yake yakafunguka, vifaa vyako viko tayari.

## Hatua ya 1: Zitambue herufi

Hujifunzi lugha. Unajifunza kutambua kwa jicho kwamba neno hili ni lile lile uliloliona mstari uliopita. Kiebrania kina herufi 22 na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Herufi tano kati yake hubadilika sura zikiwa mwisho wa neno. Kigiriki kina herufi 24, na sigma pekee ndiyo inayobadilika mwishoni, σ ikawa ς. Robo saa kwa siku kwa wiki mbili inatosha.

Tumia muda zaidi kwa herufi zinazofanana: ב na כ, ה na ח, na hasa ד na ר. Tofauti ya hizi mbili za mwisho ni kona moja tu: ד ina kona kali yenye ncha, ר imepinda taratibu. Ukizichanganya unabadilisha neno. חסד ni fadhili. חסר ni kupungukiwa.

Zaburi 23 ina maneno yote mawili, na ni mahali pazuri pa kujipima. Mstari wa 1, "sitapungukiwa na kitu", una חסר ikiwa na herufi ya nafsi mbele yake. Mstari wa 6, "wema na fadhili zitanifuata", una חסד ikiwa na herufi ya "na" mbele yake. Fungua maandishi ya Kiebrania, tafuta yote mawili bila msaada wa programu. Alama ndogo za juu na chini ya herufi ni irabu, na kwa sasa ziache.

*Tahadhari kuhusu matamshi ya Kilatini.* Neno moja utalikuta limeandikwa hesed, chesed, checed au hésed. Ni neno lile lile. Herufi ya kwanza hutoka kooni, karibu na kh ya "kheri" kinywani mwa watu wa pwani. Usihangaike na tahajia. Namba ndiyo inayokuhakikishia.

## Hatua ya 2: Soma sura nzima kabla ya kugusa namba

Soma Hosea 6 yote kwa Kiswahili, halafu kwa Kifaransa, kwa sauti kama nyumba inaruhusu. Andika kwenye kaye majibu ya maswali matatu: nani anasema, anasema na nani, na kimetokea nini kabla ya mstari huu?

Katika Hosea 6 watu wanasema "tumrudie BWANA" katika mstari wa 1 hadi wa 3. Mstari wa 4 Mungu anajibu kwamba fadhili zao ni kama wingu la asubuhi na umande unaotoweka mapema. Mstari wa 6 unasema anataka fadhili wala si sadaka.

Tayari umepata kitu ambacho hakuna kamusi ingekupa: neno limetajwa mara mbili, na mara ya kwanza ni lawama. Fadhili zao zipo, ila hazidumu.

## Hatua ya 3: Chagua neno moja

Neno linalostahili kazi hii lina angalau moja ya dalili hizi: linarudiwa katika sura, linabeba hoja ya mstari, au tafsiri zinatofautiana juu yake. Dalili ya tatu ndiyo rahisi kuiona kwa sisi wenye Biblia mbili mezani.

Hosea 6:6 kwa Kiswahili: "nataka fadhili". Kwa Segond: "j'aime la piété". Mwenye kusoma Kifaransa peke yake anafikiria ibada ya moyoni, mtu anayeomba sana. Mwenye kusoma Kiswahili anafikiria wema kwa mwingine. Tofauti kama hiyo ndiyo inayokuruhusu kufungua vyombo.

Usichague maneno matano. Usichague "na", "kwa" wala "katika". Na kama Biblia zako mbili zinakubaliana na mstari uko wazi, acha vyombo vipumzike, endelea kusoma.

## Hatua ya 4: Pata namba, na uhakikishe ni namba sahihi

Gusa neno katika Biblia yenye namba. Andika vitu vinne kwenye kaye: namba pamoja na herufi yake, neno kwa herufi asilia, matamshi, na kama ni jina au kitenzi. Kwa mfano wetu: H2617, חסד, hesed, jina.

Mambo manne huharibika hapa.

Kusahau H au G. H ni Kiebrania, kuanzia 1 hadi 8674. G ni Kigiriki, kuanzia 1 hadi 5624. Namba nyingi zipo pande zote mbili. Ukitafuta 2617 bila herufi, programu inaweza kukupa G2617, kitenzi cha Kigiriki cha kuaibisha, na utaandika somo zima juu ya neno lisilo la Hosea.

Hesabu ya mistari ya Zaburi. Kiebrania, na Segond ya 1910 pamoja nacho, huhesabu kichwa kirefu cha Zaburi kama mstari, wakati mwingine miwili. Biblia ya Kiswahili haifanyi hivyo. "Uniumbie moyo safi" ni Zaburi 51:10 kwa Kiswahili, na 51:12 katika Segond. Kila ukiwa ndani ya Zaburi, linganisha maneno ya mstari kabla ya kugusa chochote. Vitabu vingine pia huhama katika maandishi ya Kiebrania: Hosea 2:19 ni 2:21, na Yoeli ina sura nne badala ya tatu.

Neno lisilo na namba. Mara nyingi ni neno lililoongezwa na watafsiri ili sentensi isimame. Usilijengee hoja.

Namba mbili juu ya neno moja. Watafsiri wametumia neno moja kwa maneno mawili ya asili. Andika zote mbili.

## Hatua ya 5: Angalia umbo la neno

Strong hukupa neno katika hali yake ya kamusi. Hakuambii limevaa nini katika mstari wako, na sehemu kubwa ya maana ya kitenzi iko katika vazi hilo. Ndiyo sababu ulipakua maandishi yenye maelezo ya maumbo.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana urithi ambao Mfaransa hana. Kiebrania hujenga maneno juu ya mzizi, kwa kawaida wa konsonanti tatu, na hubandika viambishi mbele na nyuma kama sisi. Vitenzi vyake vina maumbo makuu saba yanayofanya kazi inayokaribiana na kauli zetu. Qal ni kutenda kwa kawaida. Nifal mara nyingi ni kutendwa. Hifil mara nyingi ni kutendesha. Hitpael mara nyingi ni kujitenda.

Tazama Mwanzo 6:18 na 6:19. Namba ni ile ile katika mistari yote miwili: H935, bo. Ukifungua Strong utakuta kuja, kuingia, kuleta, vyote chini ya namba moja, na hujui uchague nini. Fungua umbo. Katika mstari wa 18, ambapo Nuhu anaambiwa ataingia katika safina, ni Qal. Katika mstari wa 19, kuhusu wanyama, ni Hifil: ataingiza. Ingia, ingiza. Huna haja ya kuchagua kutoka kwenye orodha, umbo limeshachagua.

Kwa Kigiriki, maumbo huandikwa kwa herufi fupi. Mathayo 4:4, "Imeandikwa", utaona V-RPI-3S kwenye G1125. Soma kipande kwa kipande: V ni kitenzi, R ni wakati timilifu, P ni kutendwa, I ni taarifa ya kawaida, si amri, 3S ni nafsi ya tatu, umoja. Wengi hukosea herufi ya pili. P ikiwa mahali pa wakati ni wakati uliopo, ikiwa mahali pa kauli ni kutendwa. R ndiyo timilifu.

Na timilifu ya Kigiriki iko karibu sana na "-me-" yetu: jambo limefanyika na hali yake ipo hadi sasa. Yesu akimjibu Shetani "Imeandikwa" katika mstari wa 4, wa 7 na wa 10, Kiswahili kimeshika umbo hilo barabara.

*Tahadhari:* A katika nafasi ya wakati ni aoristi. Utasikia ikihubiriwa kwamba aoristi maana yake ni "mara moja tu kwa milele". Sivyo. Aoristi hutaja tendo kwa ujumla wake bila kusema lilichukua muda gani. Kama mwandishi anataka kusema mara moja, ataonyesha hivyo kwa maneno mengine katika sentensi.

## Hatua ya 6: Kusanya matumizi kabla ya kufungua kamusi

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote. Tafuta kwa namba, si kwa neno la Kiswahili wala la Kifaransa. Andika H2617 katika sehemu ya kutafuta, uone kila mahali inapotokea.

Hesed iko karibu mara 250 katika Agano la Kale. Huwezi kusoma zote usiku mmoja, na huhitaji. Anza na kitabu kile kile, halafu vitabu vinavyofanana nacho, halafu kwingine. Katika Hosea iko mara sita. Gawanya ukurasa wa kaye katika safu nne: mstari, nani kwa nani, maneno jirani, na jinsi Segond inavyotafsiri.

- 2:19. Mungu anaposa taifa. Jirani: haki, hukumu, rehema. Segond: grâce.
- 4:1. Haipo katika nchi. Jirani: kweli, kumjua Mungu. Segond: miséricorde.
- 6:4. Ya watu, inatoweka kama umande. Segond: piété.
- 6:6. Mungu anaitaka. Jirani: kumjua Mungu. Kinyume: sadaka. Segond: piété.
- 10:12. Watu wanaambiwa wavune. Jirani: haki. Segond: miséricorde.
- 12:6. Watu wanaambiwa waishike. Jirani: hukumu. Segond: piété.

Sasa soma safu yako ya tatu kutoka juu hadi chini. Mara mbili hesed imekaa na kumjua Mungu. Mara tatu imekaa na haki au hukumu. Na Hosea 4:2, mstari unaofuata nchi isiyo na hesed, unataja kuua, kuiba na kuzini. Kwa hiyo nabii hazungumzii hisia ya moyoni tu, wala bidii ya kuomba peke yake. Anazungumzia uaminifu wenye wema, unaotoka kwa Mungu na unaotakiwa kuonekana kati ya jirani na jirani. "Piété" katika 6:6 inaficha kiungo na 4:1. "Fadhili" ya Kiswahili, iliyotumika mahali pote sita, inakionyesha.

Umeyapata haya bila kufungua maana hata moja ya kamusi.

Toka nje ya kitabu kwa mifano miwili au mitatu. Katika Mwanzo 40:14 Yusufu anamwomba mnyweshaji amtendee hesed, amtaje mbele ya Farao. Katika Ruthu 1:8 Naomi anataja hesed ambayo wakwe zake waliwatendea waliofariki. Ni tendo, lina mtu wa kulipokea, na mtendaji angeweza kutolifanya.

*Utajua umefaulu hivi:* unaweza kueleza matumizi ya neno katika kitabu chako kwa sentensi mbili, ukitaja mistari, bila kutaja kamusi.

## Hatua ya 7: Sasa fungua kamusi

Maelezo ya Strong yana sehemu tatu. Ya kwanza ni asili ya neno. Ya pili ni maana kwa ufupi. Ya tatu, baada ya kistari kirefu au chini ya jina la tafsiri, ni orodha ya jinsi tafsiri fulani ilivyolitafsiri neno hilo mahali mbalimbali.

Sehemu ya tatu ndiyo inayoumiza watu. Orodha hiyo si maana za neno. Ni rekodi ya maamuzi ya watafsiri, kila moja katika sentensi yake. Hairuhusiwi kuchukua zote nane na kuzimimina katika mstari mmoja, kana kwamba Hosea alisema yote kwa pamoja.

H2617 inatoa ushahidi mkali. Chini ya namba hiyo hiyo utakuta pia "aibu". Ni kweli, katika Walawi 20:17 na Mithali 14:34 neno lenye herufi hizo lina maana ya aibu. Kamusi ya Brown, Driver na Briggs hulitenga kama neno jingine lenye sura moja. Strong ameliweka chini ya namba moja. Anayechanganya maana zote atahubiri kwamba Mungu anataka aibu wala si sadaka.

Sehemu ya kwanza nayo, ya asili, itumie kwa mkono mwepesi. G1577, ekklesia, imetokana na maneno ya "nje" na "kuita", na kutokana na hapo tunaambiwa kanisa ni "walioitwa kutoka duniani". Soma Matendo 19:32 na 19:41. Umati wa Efeso uliojaa ghasia, ambao wengi wao hawakujua hata walichokusanyikia, unaitwa ekklesia. Neno lilimaanisha kusanyiko. Mafundisho ya wito yana mistari yake mingine iliyo imara, yatoeni huko.

Kamusi ya pili husaidia kupima ya kwanza: Brown-Driver-Briggs kwa Kiebrania, Thayer kwa Kigiriki, zote hupatikana bure. Zina umri wa zaidi ya miaka mia, kwa hiyo zikipingana na ulichokiona katika hatua ya 6, rudi kwenye mistari.

## Hatua ya 8: Vuka daraja kati ya Agano la Kale na Jipya

Mathayo 9:13 na 12:7 Yesu ananukuu Hosea 6:6, na Kiswahili kinasema "Nataka rehema, wala si sadaka". Kwa nini si fadhili? Kwa sababu sasa tuko katika Kigiriki: G1656, eleos. Hilo ndilo neno lililotumika katika mstari huu na Septuaginta, tafsiri ya kale ya Kigiriki ya Agano la Kale.

Faida yake ni kubwa. Kila unapokuta nukuu katika Agano Jipya, beba namba zote mbili, ya G na ya H, na usome sura zote mbili. Katika Mathayo 9 Yesu yuko mezani na watoza ushuru. Katika Mathayo 12 wanafunzi wana njaa. Weka karibu nao ukurasa wako wa Hosea.

Usifanye kinyume, yaani kudai kwamba kila eleos katika Agano Jipya ina hesed ndani yake. Nukuu iliyo wazi inakupa ruhusa. Kufanana kwa neno peke yake hakukupi.

## Hatua ya 9: Pima ulichopata

Andika mstari upya kwa maneno yako, ukiweka maana uliyoifikia. Soma aya nzima. Je, inasomeka? Kisha weka maana hiyo hiyo katika mistari mingine ya kitabu. Ikivunjika katika mitatu kati ya sita, umeipanua au umeibana mno.

Halafu jaribu kueleza hoja yako ukitumia Biblia ya Kiswahili pekee. Hosea inawezekana: soma 4:1-2, kisha 6:4, kisha 6:6, na mama aliyekaa mstari wa mwisho kanisani Katuba anaona mwenyewe kwa macho yake. Hoja ambayo haiwezi kuonyeshwa hata kidogo katika Biblia iliyo mkononi mwa msikilizaji, usiipeleke madhabahuni bado. Mpelekee kwanza papa mchungaji aliyesoma lugha hizi, au mwalimu wa shule ya Biblia, ukiwa na kaye yako.

## Mafundisho matatu yanayozunguka mjini, yapimwe kwa hatua hizi

Rhema na logos. Inafundishwa kwamba logos (G3056) ni neno lililoandikwa, na rhema (G4487) ni neno lililo hai ambalo Mungu anakuambia wewe leo. Fanya hatua ya 6. Katika 1 Petro 1:23 neno la Mungu lenye uzima ni logos. Mstari wa 25, akizungumzia neno lile lile, ni rhema. Matendo 10:44: Petro anasema maneno haya, rhema, na waliosikia neno, logos, wanashukiwa na Roho. Mathayo 12:36: kila neno lisilo maana ambalo watu watatolea hesabu ni rhema. Tofauti iliyofundishwa haishikiki. Kwamba Mungu anasema na watu wake, hilo lina msingi wake mahali pengine.

Agapao na phileo. G25 husemwa ni upendo wa Mungu, G5368 upendo wa kibinadamu. Katika Yohana 3:35 Baba anampenda Mwana kwa agapao. Yohana 5:20 Baba anampenda Mwana kwa phileo. Yohana 3:19, watu wakapenda giza, ni agapao. 2 Timotheo 4:10, Dema aliyeupenda ulimwengu huu, ni agapao pia. Ukifundisha Yohana 21, usiutundike ujumbe wote juu ya tofauti ya vitenzi hivi viwili.

Dunamis na baruti. Katika mji wa migodi kama wetu mfano huu unawaka haraka: G1411 katika Warumi 1:16 ni "dinamiti ya Mungu". Alfred Nobel alisajili dinamiti mwaka 1867 na kuipa jina kutoka Kigiriki. Paulo hakuwa na mlipuko akilini. Mstari wenyewe unasema uweza huo unaleta wokovu, dinamiti inabomoa.

## Mazoezi, kutoka jepesi hadi gumu

1. G4697, kuhurumia kutoka ndani kabisa. Iko mara 12 tu, yote katika Mathayo, Marko na Luka. Jaza safu ya "nani kwa nani" kwa mistari yote. Katika Luka ni mitatu: 7:13, 10:33 na 15:20.
2. H7307, ruakh, katika Ezekieli 37:1-14. Weka alama kila mahali Kiswahili kinaposema pumzi, pepo au roho, kisha uone ni namba ngapi.
3. H1254, kuumba. Mwanzo 1:1, Isaya 45:7, na Zaburi 51:10; kumbuka kuhesabu mistari ya Segond. Andika ni nani mtendaji kila mara.
4. G5485, neema, katika Luka 2:52 na 6:32. Tafuta Kiswahili kimetumia maneno gani, na useme kwa nini "neema" isingefaa hapo.
5. G4561, mwili, katika Yohana 1:14, 3:6 na 6:63. Jitengee jioni mbili kwa hili, na usifungue kamusi kabla safu nne hazijajaa.